Abiria Sifuri, Kituo cha Mwarobaini

Kwa miaka mingi Majid bin Khalfan hakuwahi kutia saini mchepuko wa basi ambao hajautembea kwa miguu yake mwenyewe. Wenzake wa depo walimcheka, lakini hakuacha. Barabara ikifungwa kwa ukarabati, iwe Ruwi, iwe Ghubra, iwe mwisho kabisa wa Seeb, wahandisi walimletea ramani yenye mistari ya rangi, naye akaikunja ramani ile, akaitia mfukoni mwa kanzu, akaenda. Alisimama penye kituo kilichofungwa, akatazama saa ya mkononi, kisha akatembea hadi kituo cha muda kwa mwendo wa mtu aliyebeba mfuko wa mchele na kumshika mtoto mkono. Dakika zikizidi kumi, ramani ilirudi kwa wahandisi na maneno makali juu yake.

Wahandisi walikuwa vijana waliosoma Uingereza na Malaysia. Walimwita "mzee wa viatu". Hakujali. Alikuwa ameendesha basi miaka kumi na miwili kabla ya kuingizwa ofisini, na alijua jambo ambalo wao hawakulijua kwa kuwa hawajawahi kupanda basi. Maskati haina treni ya chini ya ardhi. Ina barabara pana, magari yasiyo na idadi, na mabasi. Mwenye gari halioni basi mpaka limzuie njia. Lakini mpishi, mfagizi, muuguzi, fundi wa viyoyozi, mwanafunzi asiye na baba tajiri, hao wote siku yao imefungwa kwenye nguzo ya kituo. Ukiisogeza nguzo, umesogeza siku ya mtu.

Haya aliyasema mwenyewe, tena kwa sauti kubwa, mbele ya wakubwa. Ndiyo maana kisa chake kinauma.

Ofisi yake ya mabadiliko ya huduma ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la kutazama mahali mabasi yanapooshwa. Kila kituo kilichofungwa, kila njia iliyogeuzwa, ilipita hapo na kutoka na saini yake. Fomu zenyewe aliziandika yeye. Ile ya kuondoa kituo moja kwa moja aliifanya ngumu makusudi: ilitaka hesabu ya abiria kwa wiki nne mfululizo, asubuhi na jioni, ili asitokee mkubwa mmoja aamke siku moja na kufuta kituo cha watu kwa sababu hakipendi.

Nyumbani kwake Al Khoudh aliishi na mkewe Taghreed, mtu wa Nizwa, aliyefanya kazi ofisini Ruwi, na mama yake, Bi Mahbuba. Watoto walikwishaoa na kuolewa. Bi Mahbuba alikuwa na miaka themanini na minne, na kwa miaka mitano alikuwa akisahau. Alisahau chumvi, akasahau majina ya wajukuu, kisha Kiarabu kikaanza kumtoka. Alikuwa amekisema nusu karne, tangu walipokuja kutoka Unguja Majid akiwa na miaka sita, na sasa kilimponyoka kidogo kidogo mpaka kikaisha. Kilichobaki ni Kiswahili, kile cha Mkunazini, mtaa wa Unguja wa utotoni mwake, kikiwa kizima kabisa, na matusi yake na mashairi yake ya kuruka kamba.

Taghreed alimpenda mkwewe, lakini Kiswahili chake kilikuwa "njoo", "kula" na "pole". Majid aliondoka alfajiri kwenda depo. Basi mchana kutwa Bi Mahbuba alikuwa akisema na watu wasiomwelewa, na akijibiwa asichokielewa. Alikuwa akilia kama mtu aliyeachwa ugenini. Hali iliendelea hivyo mpaka alipokuja Velma.

Velma alikuwa Mkenya wa Bungoma, mwenye miaka thelathini na minne, mhudumu wa wazee aliyeletwa na kampuni moja ya huduma za majumbani. Aliishi Khuwair ya Kusini na wanawake wenzake watano katika fleti ya kampuni, na kila asubuhi alipanda basi kuja Al Khoudh. Siku ya kwanza, Majid akiwa amebaki nyumbani kumpokea, aliingia, akavua viatu, akapiga magoti mbele ya kiti cha Bi Mahbuba.

"Kukhu, habari ya asubuhi?"

Bi Mahbuba akamtazama kwa makini. "Umesemaje?"

"Kukhu. Kwetu ndiyo tunaita bibi hivyo."

"Alaa! Na hiyo kha kakufunza nani? Watu wa bara hawaiwezi." Akamgeukia Majid akiwa na uso ambao mwanawe hakuuona kwa mwaka mzima. "Majidi, huyu mtoto anasema. Msimtoe."

Tangu siku hiyo nyumba ikawa na maneno. Velma akimwosha alikuwa akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, na Bi Mahbuba, aliyehitimu Kurani akiwa na miaka tisa, alikuwa akiziitikia bila kujua ni za nini. Velma akisema, "Kukhu, unataka nikuje na ndizi kesho?" bibi alimkemea: "Nije! Sema nije! Mtoto mzuri hivi, hakukuwa na mtu wa kukufunza?" Kesho yake Velma alisema "nikuje" tena, makusudi, ili akemewe. Wakacheka wote wawili. Ilipokaribia saa moja ya asubuhi, Bi Mahbuba alitaka kiti chake kitolewe langoni, kwani kutoka pale kituo kilionekana, nyumba nne mbele, upande wa pili. Basi lilisimama, mlango ukafunguka, Velma akashuka na mkoba wake wa bluu, na bibi akainua mkono.

Kituo kile kwenye karatasi kilikuwa na namba. Watu walikiita Kituo cha Mwarobaini, kwa ajili ya mti uliosimama pale na kuwapa kivuli wanaosubiri. Kilikuwa mbele ya ukuta wa nyumba ya Bwana Sinan.

Sinan huyu lazima aelezwe vizuri, maana hakuwa mtu mbaya, na laiti angalikuwa mbaya mambo yangekuwa mepesi. Baba yake na baba yake Majid walitoka Unguja kwa ndege moja, wakalala chumba kimoja miezi minane ya mwanzo. Sinan alifanya biashara, akapata, akajenga. Baba yake Majid alipofariki, nyumba yao ilikuwa ndogo, haina mahali pa kukalisha wanaume wa matanga. Sinan hakuulizwa. Alifungua milango ya ukumbi wake siku tatu, akaweka kahawa, halwa na chakula cha mchana cha watu mia, akasimama mlangoni kupokea mikono kana kwamba aliyekufa ni baba yake. Hajawahi kulitaja jambo hilo hata mara moja. Na hapo ndipo ulipo uzito wake.

Watu hawa waliotoka Unguja wana kitu wanachokiita muhali. Hakiandikwi popote wala hakidaiwi. Ni ule uzito unaokukaa ulimini unapotaka kumwambia "hapana" mtu ambaye macho yenu yameshaonana katika siku mbaya. Kwa muhali watu wameoa wasipotaka kuoa, wamekaa na mgeni mpaka wamekosa ndege. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kutia saini kitu anachojua ni upuuzi, akarudi nyumbani akajiita muungwana.

Mwaka huo, baada ya mafuriko ya wadi, korongo linalojaa maji mvua ikinyesha, kuvunja mabomba ya maji ya mvua, barabara ya mtaani ikafungwa kuanzia Februari mpaka Mei ili mabomba yatiwe mapya. Basi likachepushwa kupitia barabara kuu, na kituo cha muda kikawekwa karibu na stesheni ya petroli. Huo ndio mchepuko pekee ambao Majid hakuutembea. Ulikuwa mtaani kwake. Nani huenda na saa mkononi akijipima dakika mbele ya majirani zake? Akatazama ramani, akasema pale napajua, akasaini.

Velma alitembea miezi ile bila kulalamika sana. Hali ya hewa ilikuwa nzuri bado.

"Bosi, hiyo barabara wanamaliza lini?" aliuliza mara moja, akipangusa vumbi kwenye viatu.

"Mwezi wa tano, inshallah. Na kituo kitarudi palepale."

"Sawa. Ikiwa ni ya muda, nitavumilia."

Aprili, Ijumaa moja baada ya sala, Sinan alimshika Majid mkono wakatoka msikitini pamoja, wakaenda kunywa kahawa. Waliongea habari za bei ya samaki, za harusi ya mtu fulani huko Barka. Kisha Sinan akammiminia kikombe cha pili na kusema, kwa sauti ya mtu anayesifia hali ya hewa:

"Unajua, ndugu yangu, tangu kile kituo kifungwe nyumba imepumua. Watu walikuwa wanakaa juu ya ukuta wangu, makopo chini, wanawake hapa wakitoka mlangoni macho yote kwao. Kule barabara kuu si pazuri tu? Kingebaki kulekule. Wewe si ndiye mwenye kalamu?"

Majid alikitikisa kikombe chake, ishara kwamba ametosheka, ingawa hakuwa ametosheka. Alitaka kusema: mama yangu anamsubiri mtu pale. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Akauona ule mlango wa ukumbi, na Sinan amesimama pale siku tatu, na mikono ya watu mia.

"Inshallah, Bwana Sinan," alisema. "Tutatazama."

Na akatazama, kweli. Fomu yake mwenyewe ilitaka hesabu ya wiki nne. Majid akachukua hesabu za Kituo cha Mwarobaini za mwezi wa Machi. Mpiga hesabu alikuwa amekwenda kila asubuhi na kila jioni, kama ilivyo kazi yake, na kila siku ameandika kilichokuwapo. Walioshuka: sifuri. Waliopanda: sifuri. Bila shaka sifuri! Barabara ilikuwa imechimbwa, kuna shimo la kufika kiunoni, basi lipitie wapi? Mtoto wa darasa la kwanza angeiona hila ile. Lakini juu mezani kwa wakubwa hakuna anayesoma tarehe, wanasoma tarakimu. Majid alijua kwamba hawasomi. Alijua kwa sababu ni yeye aliyekuwa akiwasomea.

Akatia saini. Usiku ule alijiambia kwamba ni mwendo mfupi tu, kwamba Velma ni kijana, kwamba ana mwavuli. Hakumwambia Taghreed, na kwa mama yake hakukuwa na la kumwambia.

Mwanzoni mwa Juni barabara ilifunguliwa, nyeusi na safi, na mistari yake myeupe. Basi likarudi njia yake ya zamani. Nguzo ya kituo ilikuwa imekatwa, imebaki kisiki cha chuma cha urefu wa kidole. Bi Mahbuba akatolewa langoni na kiti chake. Basi likaja, akainua mkono. Basi likapita.

Velma alifika baada ya dakika nyingi, blauzi imemganda mgongoni. Jioni alimngojea Majid sebuleni, hajavaa viatu bado.

"Bosi, barabara wamemaliza. Basi inapita hapo nikiiona na macho yangu. Nimebonyeza kengele, dereva ananiambia steji haiko. Ananipeleka mpaka huko kwa petroli, ndio nirudi na mguu."

"Wanalitazama jambo hilo, Velma. Karibuni, inshallah."

"Nani anatazama?"

Alikuwa anauliza tu. Alijua kwamba Majid anafanya kazi ya mabasi, lakini hakujua kazi gani hasa. Majid akanyanyua kikombe cha chai kilichokuwa kitupu, akakinywa.

Julai ya Maskati haisemeki kwa asiyeijua. Saa moja ya asubuhi jua limekwishaamka zamani, na unyevu unakukaba koo. Kutoka stesheni ya petroli mpaka nyumbani kwa Majid hakuna mti, hakuna kibanda, kuna ukuta wa nyumba baada ya ukuta wa nyumba, na kila ukuta unarudisha joto. Velma alitembea siku kumi na tisa za mwezi ule. Siku ya ishirini alifika mlangoni, akasema, "Kukhu, ngoja kidogo," akatapika juu ya zulia, akaanguka.

Hakufa. Alitiwa maji ya dripu, akarudi fleti jioni. Lakini kampuni yake ilikuwa na utaratibu, na msimamizi akaufungua. Miezi ya joto, mhudumu hapelekwi nyumba iliyo zaidi ya dakika kumi za miguu kutoka kituo rasmi cha basi. Wala haruhusiwi kupanda gari la mwenye nyumba au teksi, kwani liliwahi kutokea jambo la aibu na kampuni ikafunga mlango huo. Msimamizi akachukua orodha mpya ya vituo, ile ya Juni, akatafuta mtaa wa Majid. Hakuna kituo. Akaliondoa jina la Bi Mahbuba.

Velma alimtumia Majid ujumbe wa sauti. Nyuma yake zilisikika sufuria na wanawake wenzake wakiongea.

"Bosi, si mimi nimekataa. Hata hiyo siku nimeanguka, kesho yake nilikuwa nimejitayarisha kukuja. Wamesema kwa orodha hakuna steji huko. Nimewaambia kuna steji, ilikuwa hapo kwa mti, wakaniambia nionyeshe, na haiko. Nisalimie kukhu. Mwambie nimesema 'nikuje', atacheka."

Majid alimwekea mama yake ujumbe ule sikioni. Bi Mahbuba alitabasamu, akageuka kumtafuta Velma nyuma ya kiti. Akatazama nyuma ya pazia. "Nnamsikia," alisema. "Kajificha wapi? Mwambie atoke, nshachoka mchezo huu."

Akachukuliwa msichana wa Sri Lanka, mpole, mwenye mikono mizuri, asiyejua neno hata moja la Kiswahili. Alimlisha, alimwosha, alimsuka nywele. Kila asubuhi Bi Mahbuba alitaka kiti langoni. Wiki ya kwanza alimuuliza kila aliyepita kama basi limeshakuja. Wiki ya pili alimuuliza Majid peke yake. "Yuko njiani, mama," alimjibu. Wiki ya tatu aliacha kuuliza. Wiki ya nne aliacha kusema kabisa. Daktari alisema ni hatua ya ugonjwa, na huenda alisema kweli. Taghreed, anayejua maneno matatu, alimwambia mumewe kwa Kiarabu: "Mama yako hana wa kusema naye. Mtu hunyamaza akikosa wa kumjibu."

Siku hiyo Majid hakwenda kazini. Alitoka na kanzu yake na saa yake ya mkononi mpaka stesheni ya petroli, akasimama penye nguzo mpya ya kituo, akatazama mshale, akaanza kutembea. Kwa mwendo uleule wa mtu aliyebeba mfuko wa mchele. Alipofika mbele ya lango la nyumba yake shati la ndani lilikuwa linachuruzika, na ilibidi ashike ukuta. Dakika kumi na nane. Ramani yoyote ya dakika kumi na nane angeirudisha kwa wahandisi na kuwatukana mama na baba.

Alikwenda kwa Badr, mkuu wake, kijana wa umri wa mwanawe, akamwomba kituo kirudi.

"Mzee Majid, nani asiyetaka kukusaidia?" alisema Badr, na alikuwa anasema kweli. Akafungua fomu kwenye kompyuta. "Lakini inataka hesabu ya abiria wa kituo hicho."

"Basi halisimami pale. Hesabu itatoka wapi?"

"Ndiyo hiyo. Sifuri. Fomu hii nani kaitunga, si wewe?" Badr akacheka kidogo, halafu akauona uso wa mzee wake, akaacha. "Iko njia nyingine. Mwenye nyumba iliyo mbele ya kituo akiandika kwamba anakitaka, kinarudishwa kwa majaribio ya siku thelathini. Wakipatikana abiria, kinabaki."

Kwa hiyo ilimbidi aende kwa Sinan. Alizunguka mtaa mara mbili kabla ya kubonyeza kengele. Akakaribishwa, akakalishwa mahali palepale, kahawa ikaletwa, halwa ikaletwa. Aliongea habari za joto. Aliongea habari za mjukuu wa Sinan aliyefaulu mitihani. Mwishowe, akiitazama sahani ya halwa, alisema yote, kuanzia Velma mpaka kiti cha langoni. Miezi minne ya maneno ikatoka kwa dakika tano.

Sinan aliweka kikombe chini.

"Subhanallah. Bi Mahbuba? Mamangu Bi Mahbuba aliyenilisha?" Akamshika goti. "Majid, si ungesema? Mie nlisema tu siku ile, maneno ya kahawa. Nikarudi ndani nikasahau. Ungenambia 'Sinan, mama anamtazamia mtu pale', ningekwambia muache, muwekeeni na kibanda. Kwani mie n'nani?"

Akamwita mwanawe alete karatasi. Barua iliandikwa, ikatiwa saini, kabla kahawa haijapoa. Majid alishukuru, akasimama, akaagwa mpaka getini. Alitembea zile nyumba nne akiwa na barua mkononi na hasira tumboni. Alitafuta wa kumtupia, na hakumpata mwingine ila yeye mwenyewe.

Septemba nguzo ikarudi, na benchi jipya, chini ya mwarobaini. Jioni ile Majid alimpigia Velma.

"Kituo kimerudi. Unaweza kuja."

"Aki, bosi. Nimepewa nyumba Hail. Mzee mmoja, haongei, anataka tu televisheni. Nimesaini mpaka mwaka ukuje uishe. Kampuni haiwezi nitoa." Kisha: "Bosi, kwani ile steji ni nani alikuwa ameitoa?"

Majid alikuwa na nafasi moja ya kuwa mwanamume.

"Kampuni ya mabasi," alisema.

"Hao watu," alisema Velma. "Hawajui mtu anateseka."

Sasa Majid amehamia zamu ya usiku, chumba cha kuongozea mabasi, ili mchana awe nyumbani. Kazi ikiisha asubuhi haji na gari lake. Anaacha gari depo, anapanda basi, lile la saa moja kasoro dakika kumi. Siku thelathini za majaribio zinahesabiwa, na Al Khoudh ni mtaa wa magari. Waliokuwa wakishuka pale ni wafanyakazi wachache wa majumbani, na hao wote kampuni zao zilikwishawapeleka kwingine tangu Julai. Asiposhuka mtu, nguzo itakatwa tena. Kwa hiyo anabonyeza kengele, basi linasimama, na dereva anaandika: walioshuka, mmoja.

Msichana wa Sri Lanka humtoa Bi Mahbuba langoni kila asubuhi, kwani asipotolewa hupiga mlango kwa ngumi. Jana basi lilisimama chini ya mwarobaini. Majid, akiwa ndani bado, alimwona mama yake kupitia kioo. Alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti, ameshika mkono wa kiti kwa mkono mmoja na wa pili ameunyanyua juu, na mdomo wake umefunguka. Kwa mara ya kwanza tangu Agosti alikuwa anataka kusema kitu.

Mlango ukafunguka. Majid akashuka.

Mkono wa Bi Mahbuba ukabaki juu kidogo, kisha ukateremka taratibu mpaka mapajani. Majid alivuka barabara, akachutama mbele yake, akamshika vidole.

"Ni mimi, mama."

Alimtazama mwanawe muda mrefu, akamtambua, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nnakuona," alisema Bi Mahbuba. Akainamisha shingo pembeni, kwa kuwa Majid alikuwa amemziba, ili aone kama kuna mwingine anayeshuka.